Picha Arobaini za Mikochini

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Nina miaka themanini na moja. Mjerumani alipoondoka nilikuwa mgongoni kwa mama. Mwingereza nimemwona akija na nimemwona akifunga mizigo. Wamangi, watawala wetu wa zamani, wamekwisha, mimi nipo. Nimezika mke, watoto wawili, mapadri watano wa parokia hii, na daktari wa mjini aliyeniambia nisihangaike kununua viatu vipya. Nilinunua. Vikaisha. Nimenunua vingine.

Leo nimemenya kahawa madebe manne peke yangu. Mashine ni ya baba. Vijana hapa Uru wanang'oa kahawa wapande nyanya, wanasema soko huria. Mimi sing'oi.

Saa nne akaja mtu. Karibu miaka hamsini, kofia ya Kiislamu, begi la fundi begani, mpini wa tezo unachungulia. Si mtu wa mlimani. Alihema kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Akasimama ng'ambo ya mfongo, mfereji wetu wa maji, akavua kofia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Wote wa kuniita hivyo nawajua. Huyu simjui. Nikamuuliza ni nani.

"Mimi Salimu. Wa Yakubu. Natoka Mikochini."

Mkono ukabaki kwenye mpini. Mashine ikazunguka tupu.

Elizabeti, dada yangu, alikuwa jikoni anamenya ndizi. Macho yake yana ukungu lakini masikio ni ya popo. Akauliza nani huyo. Nikasema mtu amepotea njia, anatafuta mbao. Nikamwambia yule mtu ashuke. Hata maji sikumpa. Akasema yuko Majengo, nyuma ya msikiti, kwa mafundi wa vitanda. Akavaa kofia akashuka.

Mimi Kalisti niliyefika kileleni Kibo mara tatu bila viatu, leo nimemwogopa fundi mwenye begi.

Jumanne, 3 Septemba

Sijala. Elizabeti ameleta kiburu, nimekirudisha na ndizi zake na maharage yake.

Niandike basi. Niliishia darasa la tatu la misheni, lakini mkono wangu unasomeka kuliko wa wengi waliofika la saba.

Mikochini ni kijiji cha pwani, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka Pangani. Nilikwenda nikiwa kijana. Kwanza nilikata mkonge. Nikauacha, ni kazi ya punda. Nikapasua mbao za mashua miaka mitatu. Mdogo wangu Joakimu akanifuata. Yeye ndiye kitinda mimba wetu. Mimi nilipasua, yeye aliunda. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Hili sijawahi kumwambia mtu.

Akapenda kule. Akaoa Mwanahawa, akasilimu, wakamwita Yakubu. Wakapata mtoto wa kiume.

Siku moja akaenda kutoa madema, ile mitego ya samaki inayosukwa kama kikapu. Ngalawa ilirudi bila mtu. Yeye alirudishwa na maji siku ya tatu. Tulimzika kule. Mwanahawa akanipa mtoto nimbebe. Nikasema nitarudi kumchukua akianza kutembea.

Nikafika nyumbani. Baba alikuwa kwenye kigoda. Akauliza, kitinda mimba wangu ameacha mtu? Nikasema hakuacha mtu.

Kwetu nyumba ya baba na kihamba chake, migomba na kahawa yote, ni vya kitinda mimba. Mtoto wa kwanza anapewa pake mapema. Mimi nilipewa kule juu, mawe matupu, maji hayafiki. Hapa kwa baba mfongo unapita mlangoni. Niliyataka yale maji. Basi. Nimetafuta sababu nyingine miaka arobaini na saba, sijaipata.

Sasa mtoto ameanza kutembea. Amekuja mwenyewe.

Alhamisi, 5 Septemba

Salimu amekwenda kwa Venansi. Venansi ni mtoto wa baba mdogo, ndiye mkuu wa ukoo wetu. Nimemzidi miaka kumi lakini fimbo anashika yeye, kwa sababu watu wanasema mimi nina maneno mengi.

Venansi amekuja jioni kabla ya jua kuzama. Hakukaa. Huniita Meku, yaani mzee.

"Meku Kalisti, kuna fundi mashua anasema ni damu yetu."

"Matapeli ni wengi."

"Anasema mama yake alimwambia ulikuwa na mashine ya picha. Kwamba ulimpiga picha yeye akiwa mtoto, na Joakimu, ndani ya mashua. Iko wapi hiyo picha?"

Nikasema picha ninazo arobaini. Ukoo mzima unajua, hakuna harusi wala msiba ambao sikuzisimulia. Lakini ya mtoto haimo.

Akaniangalia kama mtu anayeangalia mvua iliyosimama juu ya kijiji cha jirani. Akasema ukoo utakaa Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Mwenye ushahidi alete. Akiukosa, fundi arudi kwao na jina la Joakimu lisitajwe tena.

Deo mwanangu naye alifika kutoka mjini. Ameshapima kihamba kwa hatua. Anataka kujenga nyumba ya wageni, wazungu wanaopanda mlima walale hapo, wasikie maji yakipita. Nikamweleza habari za fundi. Akacheka.

"Baba, nchi imefunguliwa, na matapeli nao wamefunguliwa."

Nikacheka naye. Nilicheka. Naona aibu.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeshuka Majengo. Nilikwenda kumfukuza kabisa, arudi kwao kabla ukoo haujakaa.

Nilimwona kabla hajaniona. Ameketi chini kibarazani, anachonga mguu wa kitanda. Ubao ameubana kwa vidole vya mguu, tezo inapita karibu na ngozi, wala haangalii. Joakimu alibana hivyo hivyo. Hakuna seremala wa Moshi anayebana ubao kwa vidole. Nikashika nguzo ya duka la watu.

Akaniletea kigoda. Akaninunulia kahawa chungu. Mafundi wenzake wakainuka mmoja mmoja kuniamkia, shikamoo mzee, shikamoo mzee. Hakulalamika kwamba nilimfukuza. Ningependa alalamike.

Aliniambia habari zao kwa kifupi. Ufuo wa Mikochini amepewa mwekezaji, inajengwa hoteli. Seng'enge imeingia mpaka majini. Mashua iliyokuwa nusu waliikata kuni. Wavuvi wanatia nanga mbali, kwenye matope. Mke wake na watoto wanne wako kwa shemeji, chumba kimoja.

"Fundi mashua bila ufuo ni huyu unayemwona, baba mkubwa. Natengeneza vitanda."

Nikamuuliza kama anataka nyumba yangu. Nilisema hivyo, nyumba yangu.

"Sikuja kumtoa mtu. Nimekuja kuuliza kama nina kwetu." Akapuliza maranda. "Na hiyo picha. Mimi baba sijamwona, hata kwenye karatasi. Mama akiulizwa yukoje anasema, yuko kama baba yako. Sasa hilo ni jibu?"

Wenzake wakacheka. Naye akacheka.

Nilikuja na maneno ya kumfukuza. Nimerudi nayo yote tumboni. Picha ipo. Mimi ndiye niliyeificha katikati ya zile nyingine. Nitaitoa.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nimepanda ngazi darini.

Vitu vyetu vya thamani tunaviweka darini juu ya moto wa jikoni. Mbegu za maharage, mahindi ya kupanda, mpini mpya wa jembe. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu. Picha nilizifunga kwa majani makavu ya mgomba kama mbegu, nikazitia kwenye kikapu. Sikuzifungua tangu mke wangu alipozikwa.

Kikapu ni cheusi. Majani yamevunjika kama mkaa. Picha arobaini zimekuwa tofali moja. Nimejaribu ukucha. Nimejaribu kisu, nikakata kona. Haziachani.

Nimekaa nalo mapajani. Najua kila iliyomo.

Ya kwanza ni mkuku, ule mti mrefu unaolazwa chini kwanza, mgongo wa mashua. Hakuna kingine, mti na mchanga. Halafu fundi mkuu anachagua mti uliopinda msituni, kwa sababu mbavu za mashua hazipindwi, zinatafutwa zimepinda. Halafu mbavu zenyewe, zinaitwa mataruma, zimesimama mbili mbili angani kama za ng'ombe aliyeliwa na fisi. Joakimu anatoboa kwa keekee, upinde wa kamba mkono mmoja, ulimi nje. Mzee anachomeka pamba kwenye nyufa, pamba iliyolowa mafuta ya papa. Ile picha ukiitazama unaziba pua. Wanawake wanatanda, wanavua dagaa kwa kaniki, maji magotini, mmoja amenikasirikia. Watu ishirini wanavuta juya, wavu mrefu. Papa kwenye mti begani kwa watu wawili, mkia unaburuta. Siku ya kushusha mashua, kijiji kizima kwenye kamba, midomo wazi, nyimbo hazionekani lakini zipo.

Kamera ilikuwa ya sanduku, nilinunua kwa Mhindi Tanga. Filamu zilibaki kwake. Kijiji kizima hakuna aliyewahi kupiga picha kazi ile. Mimi tu. Hili si la kujisifu. Hili ni kweli.

Na ya mwisho katikati ya tofali: Joakimu amekaa ndani ya mataruma, mtoto mapajani.

Jumatatu, 9 Septemba

Elizabeti amesema nipeleke kwa mpiga picha wa mjini. Nikamwambia nani amezipiga, yeye au mimi? Aliyepiga ndiye anayejua.

Nimefikiri namna yangu. Kahawa ikimenywa ina utelezi, punje zimeshikana kama makamasi. Hulazimishi kwa kisu. Unaloweka. Siku mbili, utelezi unaachia wenyewe, unaosha, unaanika. Nimefanya hivyo miaka sitini na kahawa yangu haijawahi kurudishwa. Basi nimeosha ndoo, nimetia maji ya mfongo, nimechanganya na ya moto kidogo kwa sababu ya baridi, kama tunavyofanya kahawa ikikataa kuvunda. Nimelaza tofali humo.

Mchana kona zikaanza kufunguka. Sikugusa. Jioni zikaachana mbili. Halafu tano. Masizi yakapanda juu nikayaengua kwa kata.

Na mimi nikamwona.

Alikuwa chini ya maji, kwenye ndoo, anacheka. Ndevu chache. Mtoto ameshika kidole chake. Miaka arobaini na saba. Nilipiga kelele. Elizabeti akaja na upawa mkononi.

Nikamwambia, Joakimu yuko hapa. Ana mtoto.

Haoni, yule. Akainama mpaka pua ikagusa maji. Akauliza, mtoto gani?

Nikamwambia mtoto gani. Nikamwambia yote, mpaka kigoda cha baba. Yeye ndiye aliyembeba Joakimu mgongoni, mama alipokuwa shambani. Alimfundisha kutembea. Alipoachika akarudi nyumbani, wa kwanza kumuulizia alikuwa Joakimu, na mimi nikamwambia amekufa hana mtu.

Akaweka upawa chini. Maji ya ndizi yakamwagika motoni.

"Miaka yote hii nawasha moto chini yake," akasema.

Akaenda chumbani kwake akafunga.

Jumanne, 10 Septemba

Zimeachana zote. Lakini zinateleza.

Elizabeti hakutoka. Nilikuwa peke yangu. Utelezi ninaujua. Kahawa isiyooshwa ikaisha utelezi inaoza kwenye kichanja. Nikasema siwezi kuanika picha na utelezi, zitashikana tena, na Jumamosi iko hapa.

Nikaosha. Moja moja, kwa kiganja, kama punje. Nikamwaga maji, nikatia mengine, nikasugua mpaka karatasi ikalia chini ya kidole kama kahawa iliyotakata. Maji yakawa meusi. Nikafurahi. Nikasema masizi hayo yanatoka.

Nilianza na ile ya Joakimu, kwa sababu ndiyo ninayoitaka.

Nimezianika kwenye kichanja cha kahawa. Nikazigeuza.

Nyeupe.

Jumatano, 11 Septemba

Nilikwenda kwa mpiga picha Majengo, makaratasi kwenye kofia. Mtu wa makamo, mpole. Aliyapanga kwenye meza yake, akayashika kwenye mwanga, akavaa miwani, akavua.

"Mzee, umeyafanya nini haya?"

Nikamwambia nimeosha utelezi.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Akasema picha haikai ndani ya karatasi. Inakaa juu yake, kwenye utando mwembamba. Utando ukilowa sana unalainika. Unateleza. Ungeacha kwenye maji baridi saa moja, ukazianika hivyo hivyo bila kuzigusa, akasema, ungezipata karibu zote.

Ule utelezi ndio uliokuwa picha.

Nilimwosha ndugu yangu kwa kiganja changu. Nilimsugua mpaka akaisha na nikafurahi.

Vimebaki vipande vitano. Kiwiko cha mtu. Nusu ya mkuku. Mkia wa papa. Kamba isiyo na watu. Mguu wa mwanamke majini. Joakimu hamna, hata ukucha.

Nimekaa kwenye ngazi za duka lake mpaka akafunga. Sikujua niende wapi.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimefikiri kitu kibaya. Nakiandika.

Ushahidi hakuna. Salimu hana karatasi. Elizabeti ana maneno yangu tu, na anaweza kunyamaza, kunyamaza anajua. Kesho nikisema simjui, imekwisha. Deo anajenga. Mimi nazikwa hapa penye maji, pembeni ya baba. Hakuna atakayejua.

Nimelitafuna wazo hilo kutwa nzima. Lina ladha nzuri. Siwezi kusema halina.

Na hata nikisema kweli, nani ataamini? Nimewaambia nilimuua chui kwa reki ya kahawa. Nimewaambia Gavana alinishika mkono. Maneno yangu ni kama kengele ya shule iliyofungwa. Inalia, hakuna anayeinuka.

Naogopa. Si kufa. Kufa nimeshakuzoea kwa wengine.

Jumapili, 15 Septemba

Nitaandika polepole.

Jana ukoo ulikaa kwa Venansi, wanaume kumi na saba. Mbuzi alikuwepo. Venansi, pamoja na ukali wake, alimpa Salimu kisu achinje mwenyewe, ili mgeni apate kula. Salimu alichinja vizuri.

Salimu alisimama akajieleza. Maneno machache. Venansi akauliza ushahidi. Akasema picha iko kwa baba mkubwa. Wote wakanigeukia.

Nikatoa makaratasi meupe, nikayaweka kwenye jani la mgomba. Nikaeleza. Nikasema Joakimu aliacha mtu, mtu mwenyewe ni huyu, mimi nilimdanganya baba kwa ajili ya nyumba.

Halafu mmoja akacheka nyuma. Halafu wengine.

Deo akasimama. "Wazee wangu, baba amechoka. Juzi tu alikuwa anasimulia alivyofika Kibo bila viatu. Leo ana mtoto wa pwani kwenye karatasi tupu. Tumhurumie."

"Kibo bila viatu hiyo ni kweli," nikasema. Nimezoea kusema hivyo. Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Mzee mmoja akaniuliza kama karatasi nyingine ni picha ya chui.

Venansi hakucheka. Akasema, "Meku, umetudanganya mara ngapi? Tutajuaje kwamba hii siyo moja?"

Sijui nilitoa wapi. Nikasema nitawaambia. Nikaanza. Kibo nilifika mara moja tu, na viatu vya kuazima, na nilitapika. Chui nilimkuta amekufa. Gavana alipita kwenye gari, mimi nilikuwa kwenye vumbi. Ng'ombe niliyesema amenitunukia Mangi nilimnunua Masama, alikuwa mgonjwa. Nikaendelea. Nilikuwa nayatoa moja moja mbele yao kama mtu anayevuliwa nguo sokoni. Kicheko kikapungua. Nilipofika kwa marehemu mke wangu, kwamba sikumfukuza yule mposaji mwingine, bali mwenyewe aliacha kuja, hakuna aliyekuwa anacheka tena.

"Na hili la mtoto," Venansi akauliza, "unapata faida gani?"

"Napata mawe," nikasema. "Narudi kule juu nilikopewa."

Nyama ikagawiwa. Kwetu kila fungu lina mwenyewe, huwezi kuchukua la mwenzako. Fungu la mwenye nyumba ya baba nimelishika mimi miaka yote. Nililipokea. Nikavuka uwanja nikampa Salimu. Alilishika kwa mikono miwili, hakujua ni nini. Mzee mmoja akamwambia kwa sauti ya chini, kula, ni lako.

Deo akaondoka bila kuaga. Alipiga teke kigoda changu.

Wazee hawakumaliza. Wengine wanasema ndiyo, wengine wanasema mwongo hata akikiri bado ni mwongo. Watakaa tena. Lakini Venansi alisema nyumba ya baba haiachwi moto ukazimika. Nikihama, Salimu akae aulinde mpaka ukoo useme.

Jumatano, 18 Septemba

Nimehama. Godoro, jembe, rozari, kigoda. Kibanda cha huku juu kilikuwa cha mbuzi. Bado kinanuka mbuzi. Upepo wa mlima unaingia kwa mlango na kutoka kwa ukuta.

Maji nachota kwa ndoo kutoka bondeni. Nimepumzika mara sita. Ningeandika mara mbili, zamani.

Deo hajaja. Mtu amenieleza kwamba anasema hana baba. Ninajua mahali alipojifunzia neno hilo.

Jumamosi, 21 Septemba

Homa. Nimelala tu. Joakimu simwoni hata nikifumba macho. Naona karatasi.

Jumapili, 29 Septemba

Nimepona. Sikwenda misa, kilima.

Salimu amepanda leo, kitanda kichwani. Amekitengeneza mwenyewe, mbao za mkangazi, hakina msumari hata mmoja. Amekikaza kwa kamba kama mashua za zamani. Nikamwambia kimepinda. Hakijapinda.

Mke wake na watoto wanafika wiki hii. Elizabeti ameshaosha chumba.

Akakaa mlangoni, akauliza tena alivyokuwa baba yake. Nikafungua mdomo. Nikakuta sina uso. Kwa muda mrefu nilikuwa nakumbuka picha, si mtu, na picha nimeiosha. Nikamwambia hivyo hivyo, uso sina. Nilidhani atalia. Akasema basi niambie vingine.

Nikamwambia alikuwa anabana ubao kwa vidole vya mguu. Alikuwa akitoboa anatoa ulimi. Hakupenda papa, alisema ananuka kama sakristia. Kichagga alikuwa anakisema akiumia tu. Siku ya kushusha mashua alikuwa anakwenda kukaa mbali, nyuma ya ngalawa, kwa sababu aliogopa isije ikazama mbele za watu. Wakimwita anakuja amekwisha kunawa uso. Haya yote si ya kwenye picha. Sikujua kama ninayo.

Salimu alikuwa anachonga kijiti. Akachonga mpaka jua likashuka nyuma ya migomba. Akaniuliza kama kesho aje. Nikasema aje.

Nimeandika kweli, na ninajua siku moja nitaanza kuiongezea chumvi. Nikianza, waulizwe hawa. Venansi, alishika fimbo siku ile na hakucheka. Yule mpiga picha wa Majengo, ameyaona makaratasi kwenye mwanga. Salimu mwenyewe, ingawa yeye anataka kuniamini, kwa hiyo asiulizwe wa kwanza. Wa kwanza aulizwe Elizabeti, dada yangu. Hasemi nami bado. Leo ametuma ndizi zilizopikwa, ameweka na chumvi pembeni, anajua sipendi ikichanganywa.